Matone ya Chumvi

Gisenyi, tarehe 6 Mei 2023

Mudogo wangu Mukamusoni,

Yesu na Mama yake Maria wakae nawe huko Kamembe. Umeamkaje? Mugongo umepona? Na ule ukohozi wa usiku, umesikia dawa? Mi hapa napumua, namushukuru Mungu, hata kama roho yangu haijakaa mahali pake.

Utashangaa kupata barua, na siku hizi kila mutu iko na simu. Simu yangu inakaa na Denyse, muke wa mwanangu Donat, juu namba siwezi tena kuziona. Tena hii nyumba ni ya mbao: nikikohoa jikoni, mupita njia ananiambia pole. Ndiyo maana barua nimempa Twagirimana, yule dereva wa basi ya Kamembe tunayesali naye misa ya kwanza. Naandika Kiswahili kama Masista walivyotufundisha tukiwa wadogo Goma, kwa kuwa Denyse kwao ni Huye, anakijua cha kupimia nyanya tu. Na we ukijibu, andika herufi kubwa kama za ubao wa shule, nisome mwenyewe. Sitaki mutu anisomee.

Unakumbuka jicho yangu ya kushoto ilikufa na glakoma, ile presha ya macho, bila hata kuniaga. Imebaki ya kuume. Mwaka jana walinipasua Kigali, wakaniwekea kamurija ndani, kembamba kama muguu wa mbu, ili maji ya jicho yapate njia ya kutoka na presha ishuke. Na ilishuka, sisemi uongo. Krismasi nilifuata kitabu cha nyimbo peke yangu, Padri akafurahi kunipita.

Sasa sikia. Tangu Pasaka naamka na ukungu. Si ule wa ziwa. Ni wa ndani ya jicho, kama mutu amepulizia kioo pumzi. Taa inavaa duara za rangi rangi. Uso wa Denyse unanijia bila pua, bila mudomo, sauti tu: "Mama, lala chali tutie dawa." Anatia. Anabeba beseni yake ya nyanya, anaenda kuvuka mpaka pale Grande Barrière, kuuza Goma. Bon. Ikifika saa sita, yeye iko ng'ambo, ukungu unapungua. Saa tisa naona hadi majani ya avoka ya jirani. Jioni anarudi, anatia tena, nalala. Asubuhi, ukungu ule ule. Mudogo wangu, we ndiye ulikuwa unanishinda hesabu. Fanya hiyo mwenyewe.

Na iko kitu ingine. Matone yakiingia kwa jicho yanashuka mpaka kwa koo, unayasikia. Dawa ya zamani ilikuwa chungu, ya kukunja uso. Hii mupya ni chumvi. Chumvi kabisa! Mi nimeuza makayabu maisha yangu yote, nimeshika samaki na chumvi mpaka vidole vikapasuka. Hakuna mutu wa kunifundisha chumvi. Nikamuuliza kwa upole:

"Denyse, hii dawa wamebadilisha?"

"Ndiyo Mama, munganga alibadilisha."

"Alibadilisha lini, na mi nilikuwa pale?"

"Ulikuwa umechoka siku ile, Mama."

Ati nilikuwa nimechoka! Na kichupa yeye hakiachi nyumbani. Anakitia kwa sakoshi, ule mufuko wake wa begani, anavuka nacho. Dawa yangu inaenda kutafuta nini Goma?

Sitaki kumusingizia mutoto wa watu. Kila jioni nasali rozari kwa ajili yake. Lakini nikifika fumbo la tatu, akili inatoka, inaenda kukaa ndani ya ile sakoshi.

We ungefanya nini? Nimebaki na jicho moja, Mukamusoni. Nijibu upesi.

Dada yako mukubwa,
Laurence Mukagasana


Kamembe, 13 Mei 2023

Dada yangu, yaya wangu Laurence,

Mgongo unaniacha nilale, Mungu ni mwema. Herufi hizi nimezinenepesha kama ulivyotaka. Sentensi chache tu zimemaliza ukurasa, kwa hiyo nitasema yaliyo ya lazima.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena. Chumvi? Tangu lini dawa ya jicho ikawa chumvi? Marehemu mume wangu, tulipokuwa bado Kigoma, alitumia matone ya presha ya jicho hiyo hiyo. Siku moja nilionja kwa ncha ya kidole, ulimi ukafa ganzi mpaka chakula cha jioni. Yalikuwa machungu kama yale yako ya zamani. Hiyo ndiyo dawa ninayoijua mimi.

Dawa nzuri ina mnunuzi kila mahali, na maji ya chumvi hayamgharimu mtu. Sisemi amefanya. Nasema tu kwamba kichupa hakivuki mpaka kwa miguu yake. Tena huyo msichana, tangu siku ya harusi, hajawahi kunitazama machoni. Nilikuambia, ukaniambia nina wivu kwa sababu sikuzaa mvulana.

Usigombane naye. Ukigomba, ataficha vizuri zaidi. Akija kukutia, bana kope, geuza kichwa kidogo, dawa iteremke shavuni, jifute na kitenge. Fanya hivyo wiki moja uone.

Na jicho usiliache hivi hivi. Tuma mtu Nyamyumba akakuletee maji ya moto, yale ya chemchemi. Umesahau Mama alivyokuwa akituvusha kutoka Goma kwenda kuoga pale? Wangapi wamepona miguu, ngozi, migongo? Lioshe asubuhi na jioni ukisali Salamu Maria. Maji aliyoyachemsha Mungu mwenyewe hayajapitia sakoshi ya mtu.

Niandikie unavyoendelea. Sitalala vizuri mpaka nione mwandiko wako.

Mdogo wako,
Mukamusoni


Gisenyi, tarehe 27 Mei 2023

Mudogo wangu mupenzi,

Amani ya Bwana. Natumaini unakula vizuri na kwamba mvua ya huko haijaharibu maharage. Unisamehe kama mustari unapanda juu ya mwenzake, naandika karibu na dirisha na bado nawinda karatasi.

Nilifanya yote uliyosema. Denyse akija mi nabana kope, dawa inapita shavuni, nasema "asante mwanangu" na kitenge kiko tayari. Faradji, yule wa pikipiki anayekaa nyuma ya kanisa, alinitolea kidumu cha maji Nyamyumba. Nimekificha chini ya kitanda, pembeni ya viatu vya marehemu baba yake Donat. Denyse hafagii pale, anaogopa viatu.

Mwanzoni, yewe, jicho ilikuwa nyepesi! Nikasema Mukamusoni iko na akili kupita waganga wote. Hata harufu ya yale maji ilinirudishia Mama, akitusugua shingo, akituambia tusimeze.

Sasa ngoja nikuambie ile iliyoninyima usingizi. Juzi Denyse alikuwa uani anaongea kwa simu na Donat, aliye kazini Kigali. Mi nilikuwa ndani, nachambua mchele kwa vidole. Nikamusikia: "Usimwambie Mama. Akijua, atakataa." Akasikiliza, halafu: "Tutampeleka tu. Tukishafika, ataelewa."

Wanipeleke wapi? Mutoto niliyembeba mugongoni kutoka Goma, leo ananipangia safari na muke wake nyuma ya ukuta! Nikatoka nikauliza, "Nani huyo?" Akasema, "Donat anakusalimia." Alitazama chini. Yeye anatazama chini kila siku, kwao ni heshima, lakini siku hiyo niliona kama alikuwa anatafuta kitu alichoangusha.

Belise wa duka ananiambia labda wanataka kuuza kiwanja, wanipeleke kukaa kwenye chumba kimoja Kigali. Simwamini sana Belise, anaweka maji kwa maziwa. Lakini neno likishaingia halitoki.

Na jicho, mudogo wangu. Hii nakuambia we peke yako. Ukungu sasa hautoki tena saa sita. Unakaa mpaka jioni. Iko kama muchanga chini ya kope, na mwangaza unanichoma kama sindano. Kuna wakati nasikia kama malengelenge madogo yanapasuka juu ya mboni. Machozi hayakauki. Denyse aliuliza, nikamwambia ni moshi ya makaa.

Nikasema labda ameona nabana kope, akatafuta kitu kali zaidi. Lakini usiku nikiwa peke yangu najiuliza, usikasirike nikikuuliza na we: dawa yake siku hizi haiingii. Basi kinachonichoma ni nini?

Niombee. Nijibu upesi, kabla hawajanipeleka.

Laurence wako


Kamembe, 3 Juni 2023

Yaya,

Leo sisalimii sana, utanisamehe. Mwandiko wako umenitoa machozi. Mistari imelaliana kama watu waliochoka.

Unauliza kinachokuchoma. Sumu ya miezi haitoki kwa siku chache. Inatoka ikiuma, na maji yanaivuta. Usiyaache sasa. Osha mara mbili zaidi, na kitambaa kilichoroweshwa ukilaze juu ya jicho usiku.

Na habari ya kukupeleka, mimi nakuambia usingoje ujue ni wapi. Njoo kwangu. Nimeshasema na Twagirimana, atakuweka kiti cha mbele. Usiage. Sema unakwenda misa, vaa kitenge cha Jumapili, chukua kadi yako ya hospitali na rozari, nguo nyingine utavaa zangu. Donat akitaka kuongea, atanikuta mlangoni.

Jibu kwa mdomo wa Twagirimana, neno moja tu: ndiyo.

Mukamusoni


Kigali, hospitali, tarehe 9 Juni 2023

Mama mudogo,

Mimi ni Denyse, muke ya Donat. Salamu nyingi. Unisamehe, Kiswahili yangu ni ya barrière, nilijifunza nikiuza nyanya. Nimekupigia simu mara mingi. Ukisikia sauti yangu unakata. Donc naandika, Twagirimana wiki hii anaendesha basi ya Kigali, atakuletea.

Jumapili Mama hakuamka kwenda misa. Hapo nikajua ni mubaya. Nikamufungua ile jicho kwa nguvu, unisamehe, ilikuwa nyekundu kabisa na pale katikati nyeupe kama maziwa ya kuchacha. Tulishuka Kigali siku ile ile, Donat alitungoja kituoni, akambeba.

Munganga ametueleza hivi. Kale kamurija kanachotoa maji, kamesogea, kanagusa kioo ya mbele ya jicho. Wao wanaita konea. Kioo ikiguswa kila siku inachoka, haiwezi tena kusukuma maji nje, inavimba. Usiku jicho imefungwa, maji inabaki ndani, ndiyo asubuhi iko ukungu. Muchana jicho iko wazi, hewa inakausha, unaona. Si mimi kuwa ng'ambo, Mama mudogo. Ni hewa.

Na ile chumvi ni dawa. Munganga mwenyewe aliandika. Chumvi inavuta maji itoke kwa kioo. Mama aliposikia akasema, "Kama makayabu." Munganga hakujua makayabu ni nini. Nikamweleza ni samaki ya chumvi. Akacheka, akasema ndiyo, ni vile vile.

Kichupa nilikuwa nabeba kwa sababu Gisenyi ile dawa iliisha. Wa pharmacie ya Goma wanataka kuona jina kwanza, wasinipe ingine.

Utauliza juu ya nini sikumwambia hayo mapema. Barua yake ya kwanza kwako niliisikia yote, ya pili aliandika nikiwa Goma. Mama akiandika anasema kila neno kwa sauti, na mi niko jikoni na sahani mukononi. Lakini mwezi wa nne munganga alituambia mimi na Donat, pembeni, kwamba kamurija itasogezwa, arudi kupasuliwa. Na Mama alikuwa ameapa mbele ya picha ya Bikira kwamba kile kitanda ya kupasuliwa hatalala tena. Ningemweleza dawa ni ya nini, angeuliza ni ya ugonjwa gani, na mwisho tungefika kwa kile kitanda. Donat akasema tungoje. Nikangoja. Nikakubali aniite mwizi, nikajisemea itapita. Hiyo ni kosa yetu, nimemwambia mwenyewe, na amenigeuzia mugongo siku mbili.

Sasa iko kitu kubwa kuliko hiyo. Jicho imeingiliwa na vidudu. Munganga anauliza kila asubuhi: ni nini iliingia humu? Maji ya ziwa? Majani? Maziwa ya mama? Anasema kila maji iko na vidudu vyake, akijua atachagua dawa ya kuviua, asipojua anatupa jiwe gizani. Na kama havikufa hawezi kugusa kamurija, na jicho inaenda. Hiyo ndiyo ya mwisho, unajua.

Mama anasema hakuna kitu. Anafunga mudomo kama mutoto aliyekula sukari. Mi nadhani kuna mutu Mama anamulinda. Sikuulizi ni nani. Nauliza ni nini tu.

Barua yako ya mwisho Twagirimana alinipa mimi. Iko kwa sakoshi, haijafunguliwa.

Tafadhali jibu na basi ya kesho.

Denyse


Kamembe, 10 Juni 2023

Denyse, mke wa Donat,

Barua yako nimepata. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Unasema unajua Kiswahili cha nyanya, na hapa umejaza kurasa nzima. Nani amekusaidia? Unasema barua yangu hujaifungua. Mtu ambaye hajafungua barua huwa hana haja ya kusema hajaifungua. Unasema dada yangu yuko hospitali, lakini mwandiko ni wako, sauti kwenye simu ni yako, dawa iko mkononi mwako, na hata hiyo hewa ya mchana umeniambia wewe. Mimi ninaona kitu kimoja tu: kila njia ya kumfikia Laurence inapita kwako.

Nataka nisikie kutoka kwake. Tulipokuwa wasichana Goma tulilala kitanda kimoja na shangazi yetu Godeliva, yeye katikati, sisi pembeni. Chini ya blanketi tulikuwa na jina tuliompa, ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisikia, hata mama yetu. Laurence aniandikie jina hilo. Nikiliona nitaamini yuko hai, ana akili zake, na amekubali mwenyewe hayo mnayotaka kumfanyia. Nisipoliona, nakuja na mwenyekiti wa mtaa.

Mukamusoni

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Twagirimana yuko nje anapiga honi.

Ni maji ya moto ya Nyamyumba. Hayakuchemshwa, yalikaa kwenye kidumu chini ya kitanda. Aliosha asubuhi na jioni. Si yeye aliyefikiria, ni mimi niliyemwambia. Mwambie daktari leo, usingoje lile jina.


Kigali, tarehe 2 Julai 2023

Mudogo wangu Mukamusoni,

Bwana akulinde na akupe usingizi. Mugongo je? Herufi ni za Denyse, maneno ni yangu. Mi nimelala chali na jicho imefungwa bandeji, nasema polepole, yeye anaandika. Akikosea Kiswahili namusahihisha, na akiona nimekosea adabu naye ananisahihisha.

Barua yako alinisomea yote. Alipofika pale ulipomsema, nikamwambia ruka. Akasema, "Siruki, Mama, isije ikasemekana nimeficha." Akasoma mpaka mwisho. Mi ndiye nilitamani blanketi ya kujifunika uso.

Unataka jina la Tante Godeliva. Tulimwita Jenereta. Juu alikuwa anasali rozari mpaka fumbo la pili, halafu usingizi unamushika, anawaka, brrr, mpaka alfajiri, na sisi tunasema petroli yake haiishi. Haya, sasa limetoka. Denyse amecheka mpaka kalamu imeanguka chini ya kitanda, mwuguzi akaja kutugombeza. Nikamuuliza anacheka nini sana vile. Akasema hata mimi niko na jina ambalo yeye na Donat wananiita nyumbani. Nimemuuliza ni lipi. Anakataa kusema, na hapa anakataa hata kuandika. Nitalipata tu.

Donc ni mi. Niko hai, akili zangu ziko.

Neno lako la Nyamyumba lilifika jioni. Munganga alibadilisha dawa usiku ule ule, wakanitia kila saa, mi nalia, Denyse ananishika kichwa. Siku nyingi zilipita kabla wekundu haujaanza kuondoka. Usingeandika yale maneno ya mwisho, leo ningekuwa nasikiliza dunia kwa masikio tu. Juu yako sikusema kitu kwa munganga. Nilitaka kukulinda, ndiyo, lakini pia niliona aibu: mutu mukubwa kama mimi, kidumu chini ya kitanda! Na tuyaache hapo. Tulikuwa wawili kwa kile kidumu.

Donat nilimukasirikia zaidi. Nilimwambia: jicho ni yangu, hata ubaya wake ni yangu, usinipunguzie. Kama mungeniambia mwezi wa nne ningelia, ningekataa, ningesali, halafu ningekubali. Mulinibakishia kukisia, na mi nikikisia naenda mbali. Alipiga magoti, mwanaume mwenye ndevu. Nikamwambia simama, sakafu ya hospitali ni chafu.

Kwa hiyo safari hii munganga aliniambia yote mi mwenyewe, na nilitia sahihi. Alhamisi walinilaza kwa kile kitanda nilichokikataa mbele ya Bikira. Nadhani amenielewa. Walivuta kale kamurija wakakarudisha nyuma, mbali na kioo, kasikwaruze tena. Presha iko chini. Kioo yenyewe hawajui. Labda na chumvi na wakati itakauka, nione kama Krismasi ile. Labda imechoka kabisa, na watanipa kioo ya mutu aliyekufa, ambaye watu wake walikubali itolewe. Zamani ningesema hapana kabla munganga hajamaliza kusema. Nilimuuliza kama huyo mutu anakuwa ni wa kusali. Akasema hiyo hawaandiki. Nimelala nayo siku mbili. Ikifika huko, nitasema ndiyo, na nitamusalia kila jioni bila kumujua jina.

Ile barua yako nyingine bado iko kwa sakoshi, imefungwa vile vile. Denyse aliniuliza kama aisome. Nilimwambia ngoja. Najua imesema nini: nipande basi nije kwako, nakujua. Njoo uifungue mwenyewe hapa, au uniambie tuitupe. Mi sitaulizia.

Mara nne kwa siku ananiambia, "Mama, lala chali." Sibani tena kope. Matone yanashuka mpaka kwa koo, nasikia chumvi, nasema amina. Bado sijazoea. Jana nilishtukia mukono wangu umeshika kitenge, tayari kufuta. Denyse aliona. Alinitolea kitenge mukononi, akakikunja, akakiweka pembeni. Hii nimemwambia aiandike, alitaka kuiruka.

Nijibu upesi, mudogo wangu. Niambie kama umenikasirikia, niambie kama utakuja. Na usiandike tena zile herufi kubwa, unamaliza karatasi bure. Anayenisomea iko na macho mazuri.

Dada yako mukubwa,
Laurence